Safari za "Njia ya Hariri": Vigae Twaonyeshwa, Elimu Yaachwa Njiani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika miaka ya karibuni zimeenea safari za makundi zinazowapeleka watu kutembelea miji ya kale ya Kiislamu iliyokuwa kwenye njia za misafara ya biashara. Mashuhuri zaidi ni zile za Uzbekistan, nchi ambayo sehemu yake kubwa wanazuoni wetu waliiita Ma Waraa an-Nahr, yaani ng'ambo ya mto, kwa kuwa iko nyuma ya mto Jaihun. Programu hizo karibu zote ni moja: Tashkent, Samarkand, Bukhara na Khiva, kwa siku nane au kumi, pamoja na mwongozaji, hoteli na treni. Zamani waliokwenda huko walikuwa wazee wa Kizungu, lakini sasa Waislamu nao wanakwenda, na wako wanaoiunganisha safari hiyo na Umra.

Tumezisoma programu kadhaa za namna hiyo, na moja tumeifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatutaitaja iliyoiandaa, kwani makusudio yetu si kumwaibisha mtu. Tunataka kuipima safari yenyewe kama tunavyopima kitabu: kinasema nini, kinaacha nini, na msomaji anatoka nacho nini. Maana safari ya kuongozwa ni aina ya kitabu. Ina sura zake, ina mwandishi asiyeonekana aliyechagua lipi lisomwe na lipi lirukwe, na ina mfasiri anayesimama mbele ya kila ukurasa akikwambia maana yake.

Hukumu ya safari yenyewe

Kabla ya kuingia katika miji, yafaa tuseme neno juu ya asili ya jambo. Qur'ani Tukufu imewaamrisha watu katika aya nyingi watembee katika ardhi na watazame, kama ilivyo katika Suratul-Ankabut aya ya 20 na Suratur-Rum aya ya 9. Lengo lililotajwa katika aya hizo ni kuzingatia: namna uumbaji ulivyoanza, na ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo kutembea kwa mazingatio ni jambo linalokubalika kisheria, madhali halina maasi ndani yake.

Ama kufunga safari kwa ajili ya makaburi ya watu wema, hapo pana khilafu mashuhuri. Iko hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim inayozuia kufunga safari isipokuwa kuiendea misikiti mitatu. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, katika maimamu wa Kishafii, aliichukua kwa dhahiri yake akaharamisha safari nyingine za ibada, na Sheikh Ibn Taymiyya alishika njia hiyo na akaitilia nguvu. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, alieleza kwamba kauli sahihi kwa wenzake ni kuwa safari hiyo si haramu wala si makruhu, na kwamba hadithi inabainisha ubora wa misikiti hiyo mitatu. Msomaji afuate anayemwamini, na asimtukane mwenzake. Lakini wote wamekubaliana kwamba safari ya kutafuta elimu haimo katika makatazo hayo. Ndiyo iliyomtoa Imamu Bukhari mwenyewe kwao akiwa kijana, akaenda Makka, Basra, Kufa, Baghdad, Sham na Misri.

La kwanza tulilolikosoa katika programu tuliyoifuata limeanzia hapo. Kila siku ilionyesha saa ya kifungua kinywa, ya chakula cha mchana na ya ununuzi, na haikuonyesha hata wakati mmoja wa Swala. Ijumaa ilitukuta njiani baina ya Bukhara na Khiva, mwendo wa kilomita 450 hivi. Kweli msafiri amepewa ruhusa ya kukusanya na kupunguza, na Ijumaa haimlazimu. Lakini kuwachukua Waislamu kuiona misikiti ya Bukhara, kisha kuipanga siku ya Ijumaa wawe ndani ya basi jangwani, ni dalili kwamba aliyepanga aliiona misikiti ile kama majengo tu.

Jina lenyewe

Jina la "Njia ya Hariri" halikuwa jina la waliokuwa wakipita huko. Aliyelieneza ni mtaalamu wa jiografia wa Ujerumani, Ferdinand von Richthofen, mwaka 1877. Waislamu waliandika vitabu vya al-Masalik wal-Mamalik, yaani njia na milki, kama alivyofanya Ibn Khurradadhbih katika karne ya 3 Hijria, akataja vituo na masafa baina yake. Baada yake alikuja al-Muqaddasi, mzaliwa wa Baytul-Maqdis, ambaye mnamo mwaka 375 Hijria (985) aliandika Ahsan at-Taqasim. Huyu alipouelezea mji hakuishia kwenye uzuri wake. Alieleza watu wake wana madhehebu gani, lugha yao ikoje, vipimo vyao, sarafu zao, kodi zao na maji yao. Kila mji alitaka ujulikane unaishi vipi.

Tukiziweka programu za leo pembeni ya kitabu hicho, upungufu unaonekana upesi. Jina la hariri limemfundisha mgeni atazame bidhaa. Ngamia, hariri, viungo, vigae vya buluu. Waliofunga mikataba, walioamua magomvi ya wafanyabiashara na waliowalisha wanafunzi hawaonekani.

Tashkent: kaburi linalopitwa

Huko Tashkent wageni hupelekwa kwenye eneo la Hazrati Imam, na wote hukimbilia chumba kimoja ulimohifadhiwa mus-hafu mkubwa wa ngozi kwa maandishi ya Kikufi. Mwongozaji husema huu ndio mus-hafu wa Sayyidna Uthman (R.A.) aliokuwa akiusoma alipouawa mwaka 35 Hijria (656). Ukweli ni kwamba mus-hafu huu ni hazina kubwa. Ulikuwa Samarkand, Warusi wakauchukua mwaka 1869 kwenda St. Petersburg, ukarudishwa baada ya mapinduzi yao, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Lakini madai ya damu ya Sayyidna Uthman yanasemwa pia juu ya mis-hafu mingine katika nchi nyingine, na wataalamu wengi wa khati wanaona maandishi yake ni ya baada ya zama zake. Aliyesoma elimu ya hadithi ataelewa jinsi ya kusema hapa: tunauheshimu kwa kuwa ni Maneno ya Allah yaliyoandikwa na mikono ya Waislamu wa mwanzo, na hatuuegemezi kwa Sahaba bila ya isnadi.

Hatua chache kutoka hapo pana kuba la mtu ambaye eneo zima limepewa lakabu yake, na watu walipita bila kusimama. Huyo ni Imamu Abu Bakr Muhammad bin Ali al-Qaffal ash-Shashi, aliyefariki mwaka 365 Hijria (976). Shash ndilo jina la kale la Tashkent. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, tuliolelewa kwa vitabu vya Kishafii, tuna haki naye mahususi, kwani ndiye ambaye wanahistoria wanasema kwamba kwake yeye madhehebu ya Shafii yalienea ng'ambo ya mto. Wanafunzi wetu wengi humchanganya na al-Qaffal al-Marwazi, aliyekufa mwaka 417 Hijria. Imamu Nawawi alishatoa kanuni: ash-Shashi ndiye al-Kabir, na hutajwa sana katika tafsiri, hadithi, usuli na ilmul-kalam, na al-Marwazi ndiye as-Saghir, anayekariri kutajwa katika fiqhi. Dakika tano mbele ya kuba lile zingetosha kumfundisha mwanafunzi jambo atakalolihitaji umri wake wote. Programu haikuzipata hizo dakika tano, ijapokuwa duka la zawadi ilililipatia nusu saa.

Samarkand: isnadi ya mwongozaji

Samarkand ni mji wa kustaajabisha, na hatutaki kumpunguzia mtu furaha yake. Uwanja wa Registan una madrasa tatu zinazotazamana: ya Ulugh Beg iliyojengwa baina ya 1417 na 1420, ya Shir-Dor iliyomalizika 1636, na ya Tilla-Kori iliyoanzwa 1646. Mwongozaji wetu alizijua tarehe zote, alijua jinsi rangi ya buluu inavyopatikana, na alisema kwa adabu. Wala hatusahau alikotoka. Nchi yake ilikaa chini ya utawala wa Kisovieti uliozifunga madrasa, ukauondoa wakfu katika miaka ya 1920, na ukaacha watu wasome historia yao kama habari ya majengo. Kama leo anajua vigae kuliko vitabu, lawama haimwangukii yeye peke yake.

Lakini simulizi zina kanuni zake. Tulipelekwa kwenye kaburi lenye urefu wa mita 18, tukaambiwa ni la Nabii Daniyal (A.S.) na kwamba linaendelea kurefuka. Ibn Kathir katika al-Bidaya amepokea kwamba Waislamu walipoifungua Tustar, katika nchi ya Uajemi, zama za Sayyidna Umar (R.A.), walikuta maiti iliyodaiwa kuwa ni ya Daniyal. Yakachimbwa makaburi 13 mchana, akazikwa usiku katika mojawapo, kisha yote yakasawazishwa ili watu wasilijue wakaingia katika fitina. Mtu ambaye Maswahaba walimficha ili asifanyiwe hivi, leo amefanyiwa hivi kwa tiketi.

Pale Shah-i-Zinda napo, mwongozaji alisimulia kwamba Quthm bin Abbas (R.A.), binamu yake Mtume (S.A.W.), alikatwa kichwa, akakichukua mkononi, akaingia kisimani na yu hai mpaka leo. Wanahistoria wanachotupa ni kitu kizuri kuliko hicho: Sahaba aliyekuwa mtoto Madina, aliyetoka na jeshi la Said bin Uthman mnamo mwaka 56 Hijria (676), akafia mbali na kwao. Wengi wamesema alifia Samarkand, na wako waliosema Marw. Habari ya kweli ya mtu kuacha nyumba ya Bani Hashim akafia mpakani inatosha kuulainisha moyo. Hekaya ya kichwa mkononi inaipoteza.

Kisha ni Timur. Kila mwongozaji humwita mjenzi, na sanamu yake imesimama mjini. Ni kweli alijenga. Na ni kweli pia kwamba aliiangamiza Delhi mwaka 1398, na Dimashq na Baghdad mwaka 1401, na kwamba mafundi wengi waliojenga Samarkand waliletwa kwa nguvu kutoka miji ya Waislamu aliyoivunja. Miongoni mwa waliochukuliwa Dimashq alikuwa mtoto aliyeitwa Ahmad, mashuhuri kwa jina la Ibn Arabshah, aliyefika Samarkand pamoja na mama yake. Alikua, akasoma, na baadaye akaandika Ajaib al-Maqdur, kitabu kizima juu ya aliyowafanyia Timur. Mtu akisimama chini ya kuba la Gur-e Amir bila ya kusikia jina la Ibn Arabshah, ameisoma nusu ya kesi akatoa hukumu.

Bukhara: soko na fiqhi yake

Bukhara ndipo mahali ambapo safari hizi zinapoteza zaidi, kwa sababu ndipo penye zaidi.

Tuanze na mlango. Katika mlango wa madrasa ya Ulugh Beg iliyoko Bukhara yameandikwa maneno kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu mwanamume na kwa kila Muislamu mwanamke. Mwongozaji aliyasoma kwa fahari, na wageni wakapiga picha. Maana yake ni sahihi bila shaka, kwani mwanamke ameamrishwa kuijua dini yake. Lakini as-Sakhawi na wengineo wamebainisha kwamba nyongeza ya kumtaja mwanamke haikuja katika njia za hadithi hiyo, na kwamba neno la kwanza linawakusanya wote wawili. Tazama ajabu ya jambo hili: katika mji aliozaliwa Imamu Bukhari mwaka 194 Hijria (810), bwana aliyetumia umri wake akitenganisha lililosemwa na lisilosemwa, hilo ndilo lililokuwa somo bora la kutolewa pale mlangoni. Halikutolewa.

Kuhusu Imamu mwenyewe, tuliambiwa tu kwamba alikuwa mwanachuoni mkubwa na kaburi lake liko karibu na Samarkand. Hatukuambiwa kwa nini mtu wa Bukhara azikwe Khartank. Sababu imeandikwa katika tarjama zake. Amiri wa Bukhara, Khalid bin Ahmad adh-Dhuhli, alimtaka apeleke vitabu vyake kasri, awasomeshe watoto wake peke yao. Imamu akakataa kuidhalilisha elimu kwa kuipeleka milangoni mwa watawala, na akakataa kuwatenga wengine na darsa. Akatolewa mjini mwake, akafariki katika kijiji cha Khartank usiku wa Idul-Fitri mwaka 256 Hijria (870). Kisa hiki kikiondolewa, Bukhara inabaki mji ulioenzi elimu siku zote, na hiyo si kweli. Uliwahi kumfukuza mwanawe mkubwa kuliko wote. Maimamu wetu wanaoitwa kusomesha watoto wa wakubwa faragha wanahitaji kukisikia kisa hiki pale pale kilipotokea.

Sasa tuingie sokoni. Bukhara ina masoko yaliyoezekwa makuba tangu karne ya 16: Toki Zargaron la masonara, Toki Telpak Furushon la wauza kofia, na Toki Sarrofon la wabadilishaji fedha. Tulipewa muda wa kununua. Hakuna aliyetuambia kwamba mahali pale palikuwa ni darsa ya fiqhi iliyo hai. Sarrafu aliyekaa chini ya kuba lile alikuwa anaishi ndani ya Kitabus-Sarf: dhahabu kwa dhahabu sawa kwa sawa, na mkono kwa mkono, kabla ya kuachana. Mfanyabiashara aliyeogopa wanyang'anyi wa njiani alitaka suftaja, alipe hapa apokewe kule. Wanazuoni wa Kihanafi wakaikirihisha pale mkopeshaji anaposhurutisha manufaa ya kuepukana na hatari ya njia, kwa kuchelea mkopo unaoleta faida.

Na kuna jambo lililotokea katika miji ile ambalo linatuhusu sisi hasa. Katika karne ya 5 Hijria madeni yaliwaelemea watu wa Bukhara. Mwenye fedha hakutaka kukopesha bure, na mwenye shida hakutaka kuingia katika riba. Wakazua muamala unaoitwa bai al-wafa: mtu anauza nyumba yake kwa sharti kwamba akirudisha thamani arudishiwe nyumba, na katika muda huo mnunuzi ananufaika na nyumba au kodi yake. Mafaqihi wa nchi ile wakagawanyika. Wako waliosema hii ni rehani iliyovishwa nguo ya mauzo, na kunufaika nayo ni riba. Wako waliosema ni mauzo, na wako walioiruhusu kwa haja ya watu. Ibn Nujaym katika al-Ashbah wan-Nadhair aliitaja Bukhara kwa jina lake alipokuwa akitoa mfano wa kanuni kwamba haja huweza kushuka daraja ya dharura. Mjadala ukaendelea hadi Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipotoa azimio mjini Jeddah mwaka 1992 kwamba muamala huo haujuzu, kwa kuwa uhakika wake ni mkopo uliovuta manufaa.

Kwa nini tunasema unatuhusu? Kwa sababu wazee wetu waliufanya. Huko Hadhramaut uliitwa bai al-uhda, na wanazuoni wa Kishafii wakautolea fatwa nyingi, kwani katika madhehebu yetu sharti hilo likiingia ndani ya akdi yenyewe linaifisidi. Unguja na Oman uliitwa bai al-khiyar. Katika karne ya 19 mashamba na nyumba nyingi za Unguja ziliuzwa kwa khiyari kwa wenye mitaji, na mara nyingi muuzaji akabaki ndani ya nyumba ile ile akiilipia kodi. Aliyeweza kurudisha thamani alirudishiwa, na aliyeshindwa akapoteza. Basi Muislamu wa Unguja au Mombasa anayesimama chini ya kuba la Toki Sarrofon hakusimama ugenini. Amesimama karibu na ulikoanza mjadala uliozigusa hati za nyumba za babu zake, na unaoyagusa leo mashirika yanayojiita ya Kiislamu yanapouza na kununua kwa karatasi. Yeye akanunua kofia, akarudi kwenye basi.

Yasiyopendeza

Insafu inatutaka tusiitumie fiqhi kufunika aibu. Mbele ya mnara wa Kalyan, uliojengwa mwaka 1127, ipo madrasa ya Mir-i Arab, iliyojengwa katika miaka ya 1530 kwa ajili ya Sheikh Abdullah al-Yamani, na ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa madrasa pekee iliyoruhusiwa kusomesha katika Urusi ya Kisovieti kwa miaka mingi. Inasimuliwa kwamba Ubaydullah Khan aliigharimia kwa thamani ya mateka 3,000 wa Kiajemi aliowauza. Mateka hao walikuwa wakisali kuelekea Kibla. Kumtia Muislamu utumwani ni haramu kwa ijmai, kwa hiyo soko lilihitaji fatwa za kuwatoa watu wale katika Uislamu, na walikuwapo waliozitoa. Huko Khiva wageni huonyeshwa lango la mashariki ambapo watumwa waliuzwa, wakasimuliwa kama ngano ya kutisha, kisha wakapelekwa kula.

Biashara hiyo ilipigwa marufuku Khiva mwaka 1873, baada ya Warusi kuuteka mji. Mwaka huo huo wa 1873, chini ya shinikizo la Waingereza, Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Miji miwili ya Kiislamu, mmoja wa jangwani na mmoja wa baharini, yote miwili ilingoja majeshi ya wasiokuwa Waislamu ndipo ifunge mlango ambao mafaqihi wake walikuwa na hoja za kutosha kuufunga. Sheria ilimhimiza Muislamu aache watumwa huru, ikafanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya madhambi, ikaharamisha kumteka mtu huru. Nani aliyasema hayo sokoni kwa sauti? Mwongozaji asipouliza swali hilo, hatuna la kumlaumu. Lakini sisi tusipoliuliza, wengine watalijibu kwa niaba yetu, na watalijibu kwa kuishitaki dini.

Ama Khiva kwa mengine hatutarefusha. Madrasa ya Muhammad Amin Khan, iliyojengwa katikati ya karne ya 19, leo ni hoteli, na chumba cha mwanafunzi hulala mtalii. Wakfu, asili yake, haugeuzwi sharti la aliyeuweka. Lakini wakfu wenyewe ulinyang'anywa zamani na dola, na tunawaachia wanazuoni wa nchi ile waseme katika mambo yao.

Tunayoshauri

Hatusemi watu wasiende. Tunasema waende kama walivyokwenda waliotangulia. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na Bukhara na Samarkand mnamo 1333. Katika Kilwa aliandika juu ya dini ya watu wake, madhehebu yao ya Kishafii na ukarimu wa Sultani wao kwa masharifu na mafakiri. Katika Bukhara, iliyokuwa haijapona kutokana na uharibifu wa Watatari wa mwaka 1220, alisikitika kwamba hakumwona aliyebaki na elimu ya maana. Hakudanganywa na kuta. Aliupima mji kwa watu wake na elimu yao, pwani yetu na huko kwa mizani moja.

Basi atakayekwenda, asome kwanza. Asome tarjama ya Bukhari, ya Tirmidhi, ya Abu Mansur al-Maturidi aliyezikwa Samarkand, na ya al-Marghinani mwenye al-Hidaya. Kundi lichukue mwanachuoni wake mmoja, akae pembeni ya mwongozaji na si badala yake. Ratiba ifuate nyakati za Swala, na Ijumaa isaliwe mjini. Na mbele ya kila jengo yaulizwe maswali matatu: habari hii kaipokea nani kutoka kwa nani, jengo hili limejengwa kwa mali gani, na waliokuwa wakifanya biashara kivulini mwake walihukumiwa kwa hukumu gani.

Maswali hayo yanatungoja nyumbani pia. Samarkand na Lamu ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka mmoja, 2001. Mgeni anayepita Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja anaonyeshwa milango ya nakshi na anaambiwa habari za karafuu na pembe. Ni nadra kuonyeshwa baraza ambapo darsa ya Minhaj ilisomwa, au hati ya wakfu iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa ya msikiti. Na ni nadra sana kwa vijana wetu wanaowaongoza wageni hao kuwa wamefundishwa mambo hayo. Maimamu na walimu wa madrasa wana kazi hapo: kuwakusanya waongozaji wa miji yetu, kuwasomesha tarjama za masheikh wa miji hiyo na fiqhi ya soko lake, kabla hatujafika mahali ambapo mjukuu wetu atasimuliwa habari za msikiti wa babu yake na mtu anayejua tarehe ya mlango tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie miongoni mwa wanaotembea katika ardhi wakazingatia, awarehemu maimamu wetu popote walipozikwa, na atuwafikishe kuihifadhi amana waliyotuachia. Amin.

Wallahu aalam.